Dawa Ipo Dukani, Maabara ya Nini?

Swali hili utalisikia mnadani, joshoni na kwenye maduka ya dawa za mifugo: ng'ombe wangu anaumwa, dawa ipo dukani, muuzaji ananijua nami namjua, sasa damu niipeleke maabara ya nini? Ni swali la mtu anayejua hesabu. Nauli ya kwenda mjini ni fedha, siku ya safari ni siku ambayo kundi halina mchungaji, na majibu yakija baada ya wiki mbili yatamkuta ng'ombe ameshabaki ngozi. Mtu kama huyu hajibiwi kwa kuambiwa kwamba sayansi ni muhimu. Anajibiwa kwa vipimo vyake mwenyewe: fedha iliyotoka, siku zilizopita, mnyama aliyepona na mnyama aliyekufa.

Hoja ya sura hii ni kwamba mfugaji huyo ana haki ya kutilia shaka maabara iliyo mbali, na wakati huohuo anapoteza mali nyingi kwa kukosa maabara iliyo karibu. Maabara ya kanda ni ile inayochunguza magonjwa ya mifugo na kuku kwa niaba ya mikoa miwili au mitatu. Inastahili kujengwa ikiwa itarudisha jibu kabla mfugaji hajafanya uamuzi wake unaofuata: kuchoma sindano ya pili, kuuza, kuchinja, au kuingiza vifaranga wapya bandani. Ukubwa wa jengo, aina ya mashine na idadi ya wataalamu vyote vipimwe kwa saa hizo.

Homa moja, magonjwa manne

Chukua ng'ombe wa maziwa aliyeacha kula tangu jana. Ana homa, manyoya yamesimama, maziwa yamepungua. Hizo zinaweza kuwa dalili za ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe kahawia wa masikio. Zinaweza kuwa za ndigana baridi. Zinaweza kuwa za mkojo mwekundu, kwa maana mkojo wenyewe haubadiliki rangi siku ya kwanza. Au ni nagana, inayoletwa na mbung'o. Ni vijidudu vinne tofauti, na dawa zake hazifanani. Ndigana kali hutibiwa kwa buparvakwoni, dawa ya bei kubwa inayofanya kazi vizuri ikiwahi. Ndigana baridi inasikia oksitetrasaiklini, ile ambayo wafugaji wamezoea kuiita OTC. Mkojo mwekundu na nagana hutibiwa kwa diminazini, inayofahamika zaidi kwa jina la Berenil. Anayemchoma OTC ng'ombe ambaye ndigana kali imekwisha kumkolea atakaa siku tatu akingoja nafuu isiyokuja, na siku tatu hizo ndizo ambazo buparvakwoni ingemwokoa mnyama.

Kinachotenganisha magonjwa haya ni tone la damu. Mtaalamu hutoboa mshipa mdogo wa sikio, hulipokea tone kwenye kioo chembamba, kisha kwa ukingo wa kioo cha pili hulisukuma mara moja tu, bila kurudi nyuma, mpaka litandazike jembamba kama ulimi. Kioo kinakauka hewani, kinapitishwa kwenye methanoli ili damu ishike, kisha kinalazwa kwa takriban nusu saa ndani ya rangi ya zambarau iitwayo Giemsa. Baada ya kusuuzwa kinawekwa chini ya hadubini. Hapo chembe nyekundu za damu huonekana kama visahani vilivyotawanywa mezani. Ukiona ndani ya kisahani vijidudu viwili vilivyochongoka, vimegusana kwenye ncha, huo ni mkojo mwekundu. Nukta moja nyeusi pembezoni mwa kisahani ni ndigana baridi. Kidudu chenye mkia kama mjeledi, kimelala kati ya chembe na chembe wala si ndani yake, ni nagana. Kwa ndigana kali sindano huchomwa pia kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, na katika majimaji yake hutafutwa chembe nyeupe zilizojaa vidoadoa vya buluu.

Kazi yote hiyo, tangu kutoboa sikio hadi kutaja ugonjwa, inaweza kumalizika ndani ya saa mbili. Inahitaji hadubini nzuri, vioo, chupa mbili za kemikali na macho yaliyofundishwa. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wakisikia neno maabara huwaza mashine za mabilioni, na hilo huwakatisha tamaa kabla ya kuanza.

Kosa la bingwa

Wapo watakaosema kwamba mfugaji mzoefu au muuzaji dawa hodari anaweza kuutambua ugonjwa kwa macho. Uzoefu wao ni wa kweli, na maabara yoyote isiyowasikiliza inajinyima nusu ya habari. Lakini historia ya ndigana kali inaonyesha jinsi jambo lilivyo gumu hata kwa bingwa. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa amekwisha kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Alichunguza damu ya ng'ombe wa pwani, akaona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe, akadhani ni umbo changa la kijidudu cha mkojo mwekundu. Hakikuwa hicho. Alikuwa anatazama kijidudu cha ndigana kali.

Miaka michache baadaye Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ilikuwa inatafuta ng'ombe wa kujaza mazizi yaliyoachwa matupu na sotoka. Mnamo 1901 ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki wakasafirishwa kwa meli hadi bandari ya Beira, na ndigana kali ikasafiri nao. Ng'ombe wa kule walipoanza kufa, wakubwa waliamini kwamba ni mkojo mwekundu uliozidi ukali. Kwa jina hilo wakatafuta tiba ya ugonjwa usiokuwepo, huku ugonjwa halisi ukiendelea kushuka kusini. Arnold Theiler, daktari wa mifugo huko Afrika Kusini, ndiye aliyeonyesha mwaka 1904 kwamba hiki ni kijidudu cha pekee, na hadi leo kinabeba jina lake. Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umeshaenea, na ng'ombe walikufa kwa mamia ya maelfu. Kwa Kiingereza ugonjwa huu ungali unaitwa homa ya pwani ya mashariki, yaani pwani yetu.

Koch hakukosa hadubini wala akili. Alikuwa mgeni wa msimu mmoja, akitazama ng'ombe waliozaliwa penye ugonjwa na kupata kinga, ambao wengi wao hawakuonyesha maradhi makali. Hakuwa na kumbukumbu za miaka ya nyuma. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka maabara ikae kandani: magonjwa yana tabia za mahali, na tabia hizo huonekana kwa anayeishi nayo masika baada ya masika.

Kuku hawangoji

Kwa ng'ombe mfugaji anaweza kuwa na siku kadhaa. Kwa kuku, asubuhi wamekufa watatu, jioni kumi na wawili. Mdondo, unaoitwa pia kideri, unaweza kumaliza karibu banda zima la kuku wasiochanjwa. Ni ugonjwa wa virusi, na antibayotiki haiui virusi. Hata hivyo kinyesi cha kijani cha kuku mwenye mdondo kinafanana na cha kuku mwenye taifodi ya kuku, ambayo ni ya bakteria na inatibika. Matokeo yake ni kwamba watu humwaga dawa kwenye maji ya kunywa bila kujua wanatibu nini. Fedha inapotea, mabaki ya dawa yanaingia kwenye mayai, na bakteria wanajifunza kuishi na dawa ileile ambayo kesho itahitajika kwa mtoto wa binadamu.

Hapa jibu la kwanza linapatikana kwa kisu. Kuku aliyekufa muda mfupi uliopita anapasuliwa, na viungo vinaanza kusema. Madoa ya damu kwenye tumbo dogo lililo mbele ya firigisi yanaelekeza kwenye mdondo. Kifuko kidogo kilicho karibu na mkundu kikiwa kimevimba kwa kuku wa wiki nne, fikiria gumboro. Utumbo ulioziba mwishoni ukijaa damu, hiyo ni koksidia, na dawa yake ipo. Mtaalamu aliyezoea anatoa mwelekeo ndani ya dakika ishirini, na vipimo vingine vinafuata kuthibitisha.

Kuthibitisha huko hakuna mjadala pale mdondo unapofanana na mafua makali ya ndege. Januari 2017 Uganda iligundua virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N8 kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria na kwa bata wa kufugwa. Ndege wa ziwani hawajui mpaka wa nchi. Mtu wa Mwanza au wa Kisumu anayeona kuku wanakufa ghafla hawezi kwa macho kusema ni mdondo aliouzoea au ni huu mwingine unaotaka banda lifungwe siku hiyohiyo.

Kwa kifupi: dalili zinafanana, dawa hazifanani, na jibu la kwanza katika magonjwa mengi linahitaji vifaa vichache na mtu anayejua.

Kwa nini kanda, na si makao makuu tu

Tanzania inayo maabara kuu ya mifugo Temeke, Dar es Salaam. Tangu 2012 iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, pamoja na vituo vya kanda kama vile Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na Mtwara, na taasisi ya chanjo iliyoko Kibaha. Kenya nayo ina maabara kuu Kabete, na za kanda katika miji kama Nakuru, Eldoret, Karatina, Garissa na Mariakani. Basi wazo la kanda si geni. Linalobishaniwa ni kama fedha ichimbe misingi mipya mikoani au iimarishe makao makuu.

Tazama kusini mwa Tanzania. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilihesabiwa kuwa mikoa ya korosho na samaki. Kisha kuanzia 2006 wafugaji walioondolewa Usangu, kwenye bonde oevu la Ihefu, walihamia Lindi na makundi yao makubwa. Ng'ombe walitoka nyanda za ndani wakaingia nchi ya pwani yenye misitu, kupe na mbung'o wa aina nyingine. Ramani ya magonjwa ikabadilika ndani ya miaka michache, bila mtu kuichora upya. Vivyo hivyo kwa mbuzi. Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Ngorongoro, kaskazini kabisa. Kufikia 2010 ilikuwa imethibitishwa Tandahimba na Newala, jirani na mto Ruvuma, na watafiti waliofuatilia nyayo zake walifika kwenye mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ugonjwa ulivuka nchi nzima kwenye malori ya biashara halali.

Mbuzi mwenye sotoka hii anatokwa na makamasi, anaharisha, ana vidonda mdomoni. Afisa mifugo wa kata asiyewahi kuuona atafikiria homa ya mapafu ya mbuzi, au minyoo, na atatibu hivyo. Kila siku anayotibu hivyo, mbuzi wengine wanauzwa. Sampuli ikisafiri kilomita zaidi ya mia tano hadi Dar es Salaam, ikachelewa njiani, ikapangwa foleni na sampuli za nchi nzima, jibu litakalorudi litakuwa la kweli na litakuwa halina kazi.

Makao makuu hayapungui kwa kuwa na kanda. Maabara ya kanda ni chekeche. Katika sampuli mia moja, nyingi zitapata jibu hapohapo, na chache ngumu au za hatari zitapanda Temeke. Chache zaidi zitatoka nje ya nchi, kama zile za ugonjwa wa miguu na midomo zinazopelekwa Pirbright, Uingereza, kujua ni aina ipi ya virusi inayozunguka, maana chanjo ya aina moja haikingi aina nyingine. Bila chekeche, Temeke inashinda ikihesabu mayai ya minyoo badala ya kufanya kazi ambayo yenyewe tu inaiweza.

Ianze na meza

Kosa linalojirudia katika miradi ya namna hii ni kuanza na mashine. Inanunuliwa mashine ya PCR, yaani kifaa kinachozidisha vinasaba vya kijidudu mpaka vionekane, kisha inagundulika kwamba umeme hukatika, vitendanishi vimeisha, na aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Vitendanishi ni kemikali zinazofanya kipimo kifanyike; jengo hujengwa mara moja, lakini vitendanishi huisha kila mwezi. Mpango wowote usio na fungu la kudumu la vitendanishi, dizeli ya jenereta na matengenezo ya majokofu ni mpango wa kujenga ghala.

Mpangilio wenye mantiki ni huu. Kwanza mapokezi yenye mtu anayejua kuuliza: wanyama wangapi, wamekufa lini, wamechanjwa nini, dawa gani imeshatumika. Pili chumba cha kupasulia mizoga chenye sakafu inayoosheka, maji ya uhakika na tanuru la kuchomea mabaki. Tatu hadubini na rangi zake. Nne chumba cha kuoteshea bakteria na kupima ni dawa ipi inawaua, kipimo ambacho kwa maoni yangu kingeokoa fedha nyingi za wafugaji wa kuku kuliko kingine chochote. Baada ya hapo vipimo vya kinga kwenye damu, na mwisho PCR, kazi zikiwa zimekwisha kuonyesha kwamba inahitajika.

Safari ya sampuli nayo ni sehemu ya maabara. Haya ni machache ambayo kila afisa mifugo na kila mfugaji angepaswa kuyajua:

- Damu ya kupima vijidudu iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina dawa ya kuzuia kuganda. Ya kupima kinga iwekwe kwenye yenye kifuniko chekundu.
- Kuku waletwe wawili au watatu, wanaoumwa wakiwa hai na waliokufa karibuni. Aliyekufa awekwe kwenye kisanduku cha barafu, asigandishwe.
- Mnyama aliyekufa ghafla, ametokwa damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni na tumbo limejaa upesi, asipasuliwe kamwe. Huenda ni kimeta, na mbegu zake zikimwagika hukaa ardhini miaka mingi na huua binadamu. Aitwe mtaalamu achukue tone la damu sikioni pale mzoga ulipo.

Mabasi ya abiria yanayopita kila wilaya yanaweza kubeba visanduku hivyo kwa makubaliano ya maandishi, vifungashio visivyovuja na ada inayojulikana. Barabara zipo na ratiba zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukipokea kisanduku stendi saa mbili usiku.

Hofu ya karantini

Pingamizi zito kuliko la fedha ni hili: mfugaji anaogopa jibu. Sheria ya Tanzania ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inataka magonjwa makubwa yatolewe taarifa. Jibu likitoka, huenda mnada ukafungwa, na ada ya shule ilikuwa itoke kwenye mnada huo. Kwa nini mtu apeleke sampuli itakayomfungia soko lake? Hakuna elimu kwa umma itakayoondoa hofu hii, maana ina msingi.

Kinachoweza kuipunguza ni kasi na haki. Ugonjwa unaojulikana ukiwa kwenye vijiji viwili unafungiwa vijiji viwili. Unaojulikana baada ya miezi mitatu unafunga mkoa. Kwa hiyo maabara ya karibu inafupisha karantini, ila wafugaji wataamini hivyo watakapoona karantini zikifunguliwa kwa wepisi uleule zilivyofungwa. Na pale serikali inapoamua mifugo iuawe kwa ajili ya usalama wa wote, aliyetoa taarifa alipwe fidia mapema kuliko aliyeficha. Maabara isiyo na fungu la fidia nyuma yake itapokea sampuli za magonjwa madogo tu, huku makubwa yakizikwa usiku.

Wengine wanasema vipimo vya haraka, vile vya matone mawili kwenye kijiti, vitaondoa haja ya maabara. Vinafaa, na maafisa wa kata wapewe. Lakini kijiti hujibu swali moja tu uliloliuliza: kikisema si mdondo, hakikuambii ni nini. Simu pia inasaidia, kwani picha ya kioo cha damu iliyopigwa kupitia hadubini ya wilaya inaweza kutazamwa na mtaalamu aliye Iringa ndani ya dakika chache. Vyote hivi vinaongeza mikono ya maabara ya kanda, kwa kuwa kila kijiti na kila picha inahitaji mtu upande wa pili.

Kuhusu wataalamu, Chuo Kikuu cha Sokoine kinatoa madaktari wa mifugo, na kampasi za mafunzo ya mifugo kama Tengeru na Mpwapwa zinatoa maafisa. Vijana waliosoma wapo, wengine wakiuza dawa dukani kwa kukosa ajira. Hao wa dukani ndio wangekuwa mawakala wa kwanza wa kupokea sampuli, kwa malipo kwa kila kisanduku kinachofika salama. Muuzaji atakayeweza kumwambia mteja wake, "Mzee, ngoja kesho asubuhi tujue ni ndigana ipi," atauza dawa moja iliyo sahihi, na mteja atarudi.

Fomu ya kila sampuli iwe na nafasi nne za kuandika saa: mnyama alipougua au kufa, sampuli ilipochukuliwa, ilipofika maabara, na mfugaji alipopigiwa simu kupewa jibu. Mwisho wa kila mwezi saa hizo zijumlishwe kwa kila wilaya na zibandikwe ukutani pale mapokezi, mahali ambapo wafugaji wenyewe watazisoma wakisubiri.